Mgeni Njoo: Jumba la Barafu la Toronto na Wageni Wake

Katika supamaketi iliyo kwenye pembe ya mitaa ya Carlton na Church, jijini Toronto, kuna duara jekundu lililopakwa sakafuni, ujia wa 25. Wateja wengi hulipita na vitoroli vyao bila hata kuliona. Mara mojamoja hutokea mtu akasimama juu yake, akatazama chini, kisha akainua macho kwenye dari kana kwamba anatafuta kitu kilichowahi kuning'inia pale. Kwa kawaida huyo ni mtu mzima, na kikapu chake hukaa kando muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu wa kuchagua makopo.

Duara hilo linaonyesha mahali palipokuwa katikati ya uwanja wa Maple Leaf Gardens, jumba ambalo kwa miaka 67 lilikuwa maskani ya timu ya hoki ya barafuni ya Toronto Maple Leafs. Jina lake lina neno la bustani, ingawa ndani hapakuwahi kuota ua. Miji ya Amerika Kaskazini ilipenda kuyaita majumba ya michezo bustani. New York walikuwa na yao, Boston vilevile.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumba hili lina historia iliyoigeuza methali hiyo kichwa chini: karibu kila siku yake kubwa, mgeni alikuja na mwenyeji akaumia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, hoki ya barafuni ni binamu wa mpira wa magongo, ila inachezwa juu ya maji yaliyogandishwa. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, wote wamevaa viatu vyenye ubapa wa chuma. Wanachogombea si mpira bali kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake kama sentimita mbili na nusu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na mwendo wake ni wa kasi hivi kwamba wachezaji hubadilishwa kila baada ya chini ya dakika moja, bila mchezo kusimama. Na kugongana ni ruhusa.

Mtu aliyelijenga jumba aliitwa Conn Smythe. Alikuwa mwanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza, mfanyabiashara wa mchanga na kokoto, na mpenzi wa mbio za farasi. Mwaka 1930 farasi wake Rare Jewel, ambaye hakuna aliyemdhania, alishinda mbio kwa dau la zaidi ya mia kwa moja, na fedha hizo zikasaidia kumnunua beki King Clancy kutoka Ottawa kwa dola 35,000 na wachezaji wawili juu yake. Baada ya kumpata mchezaji wa kuwavuta watu, Smythe alihitaji mahali pa kuwaketisha. Ukumbi wa zamani wa Mtaa wa Mutual ulikuwa mdogo.

Tatizo lilikuwa mwaka wenyewe. Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na mabenki hayakutaka kusikia habari za kujenga nyumba ya michezo. Aliyeuokoa mradi ni msaidizi wake Frank Selke, fundi umeme aliyekuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi. Selke aliwaendea viongozi wa vyama vya mafundi akawapa pendekezo: wakubali kulipwa sehemu ya ujira, takriban moja ya tano, kwa hisa za jumba lenyewe. Wakakubali; kazi nyingine haikuwepo, na heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ujenzi ulianza tarehe 1 Juni 1931. Tarehe 12 Novemba ya mwaka uleule milango ilifunguliwa. Miezi mitano na nusu, kwa jengo la matofali lenye kuba kubwa lisilo na nguzo hata moja ya kumzuia mtazamaji! Wasomaji waliosubiri daraja la mtaani kwao kwa miaka saba wataelewa kwa nini habari hii husimuliwa Toronto kama ngano.

Usiku huo watu zaidi ya 13,000 walijaa. Bao la kwanza likafungwa na Harold March, kijana mfupi aliyeitwa kwa utani Mush. Alikuwa mchezaji wa wageni, Chicago. Mwisho wa mchezo Chicago 2, Toronto 1.

Msimu uliendelea vizuri zaidi. Aprili 1932 Leafs waliifunga New York michezo mitatu mfululizo wakachukua Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa hoki, na mafundi wenye hisa wakawa na cha kujivunia. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Aprili 1933, jumba lilishuhudia mchezo uliokataa kwisha. Toronto na Boston walimaliza vipindi vitatu bila bao, wakaingia muda wa nyongeza, na nyongeza ya nyongeza, mpaka ya sita. Ken Doraty, mmoja wa wachezaji wadogo zaidi kwa umbo, alifunga baada ya dakika 164 na sekunde 46 za mchezo, saa nane kasoro usiku. Washindi wakapanda treni kwenda New York kuanza fainali usiku uliofuata. Huko walichapwa, na hakuna aliyeshangaa.

Watu wengi waliolijua jumba hili hawakuwahi kuliingia. Walilijua kwa sikio. Mtangazaji Foster Hewitt alikaa kwenye kibanda kilichoning'inia chini ya paa, mita 17 hivi juu ya barafu, na kila Jumamosi usiku sauti yake ilienda kwenye mashamba ya ngano na kambi za wachimba madini, maelfu ya kilomita mbali. Mtu yeyote aliyekulia Afrika Mashariki akiwa amezunguka redio ya mbao na majirani, kusikiliza mpira kutoka uwanja ambao hajauona, hahitaji kuelezwa. Mwaka 1979 kibanda hicho kiling'olewa na kutupwa kwenye tanuru la taka. Aliyekuwa na jumba wakati huo alitaka nafasi ya viti vya matajiri.

Hapa ndipo hesabu za jumba lolote kama hili zinapoanza kuuma. Timu ya hoki hucheza nyumbani mara chache tu kwa mwaka. Siku zinazobaki, kuba lilelile linakula umeme na mshahara wa walinzi. Barafu yenyewe ni tabaka jembamba, sentimita chache tu, lililokaa juu ya sakafu ya zege yenye mabomba ya maji ya chumvi baridi. Kuiyeyusha na kuigandisha upya kila mara ni gharama. Dawa yake ni kuifunika kwa mbao. Watu wakaketi, wakacheza dansi, wakapigana ngumi, wakamwomba Mungu, na chini ya viatu vyao barafu ikaendelea kulala.

Orodha ya waliopita inachosha. Winston Churchill alihutubia mwaka 1932. Wakomunisti walijaa mwaka 1934 kumpokea kiongozi wao Tim Buck aliyetoka gerezani. Elvis Presley alikuja 1957, na Beatles walifika majira matatu ya kiangazi mfululizo, 1964, 1965 na 1966.

Tarehe 1 Novemba 1946 mbao hizo zilibeba jambo lisilojulikana sana hata kwa mashabiki wa Lakers waliojaa Dar es Salaam na Nairobi: mchezo wa kwanza kabisa wa ligi ya mpira wa kikapu ambayo leo inaitwa NBA. Timu ya wenyeji, Toronto Huskies, ilitangaza kwamba yeyote aliyemzidi urefu mchezaji wao George Nostrand, mwenye futi sita na inchi nane, ataingia bure. Walikuja watazamaji 7,090. New York ilishinda 68 kwa 66, na Huskies wakavunjika baada ya msimu mmoja. Mgeni tena.

Halafu kuna usiku wa tarehe 29 Machi 1966. Muhammad Ali, bingwa wa uzito wa juu, alikuwa ameikataa waziwazi vita ya Vietnam, na miji ya Marekani ilimfungia milango mmoja baada ya mwingine. Toronto ikamfungulia. Conn Smythe, mzee sasa lakini bado mjumbe wa bodi, aliona kumpokea mtu aliyekataa jeshi ni tusi kwa jumba alilolijenga askari. Akajiuzulu. Aliyejenga alitoka, aliyefukuzwa kwao akaingia. Ni vigumu kumlaumu Smythe kwa msimamo wake, maana alikuwa amepigana vita vyote viwili vya dunia na kujeruhiwa; lakini kati ya maamuzi ya bodi hiyo, huo ndio unaostahili kukumbukwa kwa heshima.

Mpinzani alikuwa George Chuvalo, mzaliwa wa Toronto, mtu ambaye katika mapambano 93 ya maisha yake hakuwahi kuangushwa chini hata mara moja. Alisimama raundi zote 15. Majaji wote walimpa Ali ushindi. Ilikuwa miaka minane kabla ya pambano maarufu la Ali mjini Kinshasa.

Miaka ya mwisho haikuwa na heshima nyingi. Kombe la 1967 lilikuwa la 11 tangu jumba lifunguliwe, na Leafs hawajapata jingine mpaka leo. Mmiliki wa miaka hiyo, Harold Ballard, alifungwa mwaka 1972 kwa wizi na udanganyifu wa fedha za kampuni, akarudi, akaendelea kutawala hadi kifo chake mwaka 1990. Aliwahi kuishusha picha ya Malkia ukutani ili aongeze viti. Mwaka 1997 ikafichuka habari mbaya kuliko zote: wafanyakazi wa jumba hilo kwa miaka mingi walikuwa wakiwanajisi watoto wa kiume, wakiwavuta kwa tiketi na nafasi ya kuwaona wachezaji. Baadhi walihukumiwa. Makala nyingi za kumbukumbu huruka sehemu hii, kana kwamba waliokuwa watoto hao hawakuwa mashabiki pia.

Mchezo wa mwisho wa Leafs ulikuwa tarehe 13 Februari 1999. Kabla ya kuanza, kisahani kiliangushwa barafuni kwa sherehe na wazee wawili, mmoja wao Mush March, aliyekuwa na miaka 90 na ambaye ndiye aliyefunga bao la kwanza. Wageni walikuwa Chicago, walewale wa 1931. Walishinda 6 kwa 2.

Timu ikahamia ukumbi mpya karibu na ziwa, na jumba likabaki giza. Wenzake wa enzi ileile walikuwa wanaondoka. Olympia ya Detroit ilikwisha kubomolewa, Chicago Stadium pia, Boston Garden hali kadhalika. Forum ya Montreal ilipasuliwa ndani ikawa kumbi za sinema na maduka. Mwaka 2004 jumba la Toronto lilinunuliwa na kampuni ya supamaketi ya Loblaws, na wapenzi wa hoki wakalia kwamba hekalu limegeuzwa soko. Kilio hicho kilikuwa na haki nusu tu. Jumba hili halikuwahi kuwa hekalu. Lilikuwa soko tangu mwanzo: soko la tiketi, ngumi, nyimbo na siasa. Chuo kikuu jirani, ambacho leo kinaitwa Toronto Metropolitan, kilikuwa hakina uwanja wake wa hoki. Wanafunzi wake wakapiga kura kujitoza ada ya ujenzi, serikali ikaongeza. Duka likachukua ghorofa ya chini mwaka 2011, chuo kikachukua juu mwaka uliofuata. Kwa hiyo leo wauza jibini wako chini, na juu yao, chini ya kuba lilelile la 1931, kuna barafu mpya. Kati ya maskani sita za zamani za ligi kuu ya hoki, hapa tu ndipo mtu bado anaweza kuvaa viatu vya kuteleza.

Uzi mmoja wa jumba hili umefika hadi Barabara ya Mombasa, Nairobi. Hoteli ya Panari ilifungua uwanja mdogo wa barafu mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo kwa miaka haikuwa na mpinzani wa kucheza naye nchini. Mwaka 2018 wachezaji hao walisafirishwa hadi Toronto, wakavalishwa vifaa kamili na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa ligi hiyo ya hoki. Aliyegharamia ni kampuni ya kahawa ya Tim Hortons. Wakenya wengi waliotazama filamu fupi ya safari hiyo hawakujua kwamba jina la kampuni ni la mtu: Tim Horton, beki wa Leafs aliyetwaa makombe manne akiwa mchezaji wa Maple Leaf Gardens na kuanzisha duka la maandazi mwaka 1964 akiwa bado anacheza.

Siku ya mwaka mpya, 2024, ghorofa ya juu ya jumba ilipewa kazi nyingine ya kufungua. Ligi mpya ya kulipwa ya hoki ya wanawake ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa hapo. Tiketi zilikwisha, na nyota wa zamani wa tenisi Billie Jean King alikuwa miongoni mwa walioangusha kisahani cha ufunguzi. Bao la kwanza la ligi lilifungwa na Ella Shelton, beki wa timu ngeni. Matokeo: New York 4, Toronto 0.