Jeki Huinua, Haishikilii: Fizikia ya Kuinua Gari Kuukuu

Land Rover ni gari linalojulikana sana Afrika ya Mashariki. Lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na aina yake iitwayo Series III, iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1971 na 1985, ingali inaonekana katika barabara zetu. Magari ya umri huo mara nyingi hutengenezewa nyumbani, katika banda au chini ya mti, na vijana ndio wanaotumwa kuingia chini yake. Kazi hiyo ni shule nzuri ya ufundi. Lakini gari likishuka kutoka kwenye jeki, humkandamiza mtu kifua hata asiweze kuvuta pumzi. Makala haya yanaeleza, kwa kanuni zile zile zinazofundishwa darasani, kwa nini jeki haifai kuaminiwa kushikilia gari, na nini kifanyike badala yake.

Kani ndogo, mzigo mkubwa

Hebu tuchukue Land Rover lenye tungamo ya kilo 1,600. Tukiinua gurudumu moja la nyuma, jeki itabeba karibu robo ya uzito wote, yaani newtoni 4,000. Mtu hawezi kuinua mzigo huo kwa mikono yake, lakini jeki ya mafuta humwezesha. Kanuni yake iligunduliwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa katika kimiminiko kilichofungiwa husambaa kwa usawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo.

Tuseme pistoni ndogo ya jeki ina kipenyo cha sentimita 1, na kubwa sentimita 3. Eneo la pistoni kubwa ni mara 9 ya lile la ndogo. Kwa hiyo kani nayo huongezeka mara 9. Mkono wa jeki ni wenzo. Kama huongeza kani mara 20, ongezeko lote ni mara 180. Tukiacha msuguano, mkono wahitaji kusukuma kwa newtoni 22 tu, karibu uzito wa pakiti mbili za sukari za kilo moja moja. Hata hivyo hakuna cha bure: pistoni ndogo ikishuka sentimita 2, kubwa hupanda milimita 2 tu.

Sasa tujiulize: gari likisha kuinuka, ni kitu gani kinacholizuia lisishuke? Ni mafuta yaliyo katika kanieneo ya karibu mara 56 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Mafuta hayo yanazuiwa na vipete vya mpira na vali ndogo. Mpira huchakaa kwa umri, na chembe moja ya mchanga ikikaa katika vali, mafuta hurudi yalikotoka na gari hushuka. Gari lililoinuliwa sentimita 30 laweza kufika chini kwa muda wa karibu robo ya sekunde. Hakuna awezaye kujivuta kutoka chini ya gari kwa muda huo.

Breki ya mkono yaweza kukudanganya

Katika magari mengi breki ya mkono hukamata magurudumu mawili ya nyuma. Katika Land Rover za Series mambo ni tofauti: breki hiyo hukamata mhimili unaotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye difu. Difu ndiyo inayoruhusu magurudumu ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Mhimili ukizuiwa, gurudumu moja bado laweza kuzunguka mbele iwapo lile la pili litazunguka nyuma.

Magurudumu yote mawili yakiwa chini, ardhi huzuia jambo hilo. Lakini ukiinua moja, hilo huwa huru kuzunguka upande wowote, na lililobaki chini huweza kubingirika. Hivyo gari laweza kuondoka juu ya jeki ingawa breki imekazwa barabara! Kutia gia nako hakusaidii, kwa maana gia pia hufanya kazi kupitia difu. Hapana budi kuweka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini.

Ardhi na kutu

Kitako cha jeki chenye upana wa sentimita 10 kwa 10 kikibeba newtoni 4,000, hukandamiza ardhi kwa paskali 400,000. Udongo laini huzama, na jeki huinama. Jeki ikiinama nyuzi 10 tu, hupata msukumo wa upande wa karibu newtoni 700, sawa na uzito wa mtu mzima anayeisukuma ianguke. Ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 huongeza eneo mara 16, na kanieneo hupungua kwa kiasi hicho hicho.

Kutu nayo ni adui aliyejificha. Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Gari laweza kung'aa juu huku chesisi imeliwa kwa ndani, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi. Igonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito au hutoboka.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, egesha gari mahali pa tambarare, na asibaki mtu ndani. Pili, weka kabari. Tatu, legeza nati za gurudumu kabla ya kuliinua. Nne, weka jeki chini ya ekseli, karibu na springi, kisha inua. Tano, weka stendi ya chuma chini ya ekseli, na ushushe jeki mpaka uzito ulalie stendi. Stendi hufungwa kwa pini au meno ya chuma. Haina mafuta wala mpira wa kuchakaa. Sita, litikise gari kabla hujaingia. Saba, laza gurudumu ulilolitoa chini ya chesisi kama kinga ya mwisho. Usitumie matofali kamwe, kwani hupasuka ghafla bila dalili.

Jaribio la darasani

Chukua sirinji mbili zisizo na sindano, moja ya mililita 5 na nyingine ya mililita 20. Zijaze maji na uziunganishe kwa mpira mwembamba. Weka kitabu juu ya sirinji kubwa, kiinue kwa kusukuma ile ndogo, na pima umbali uliosogea kila pistoni. Kisha chomoa mpira. Kitabu kitashuka mara moja. Rudia jaribio ukiwa umeweka vipande viwili vya mti chini ya kitabu kabla ya kuchomoa, na wanafunzi waeleze tofauti waliyoiona.