Kundi la Nyuki Hupona au Hufa Kabla ya Theluji

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile New York, Wisconsin na Minnesota, ambako halijoto huweza kukaa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi kwa majuma mengi mfululizo, watu wengi hufuga nyuki uani kwao, kila mmoja akiwa na mizinga miwili mitatu, na kila mwaka wengi wao hufungua mizinga hiyo mwishoni mwa baridi wakakuta nyuki wote wamekufa. Utafiti wa kitaifa wa kuwahoji wafugaji ulikadiria kwamba katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 nchi hiyo ilipoteza takriban asilimia 37 ya makundi yake ya nyuki, na kwa kawaida hasara ya wafugaji wa uani huzidi ile ya wafugaji wakubwa wa kibiashara. Mfugaji mgeni huelekea kusema kwamba nyuki wake wameuawa na baridi, lakini maelezo hayo ni nadra kuwa sahihi, kwa sababu kundi lenye afya, nyuki wengi na asali ya kutosha huvumilia baridi kali mno. Kinacholiangusha mara nyingi ni udhaifu ulioingia mzingani tangu Agosti na Septemba, wakati maua yangaliko, nyuki wanaingia na kutoka kwa wingi, na mfugaji haoni dalili yoyote ya hatari.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kueleza jinsi nyuki wa asali, ambaye jina lake la kisayansi ni Apis mellifera, anavyoishi katika miezi isiyo na maua. Nyigu wa majimbo hayo wanaoishi kwa makundi hufa wote isipokuwa malkia wachanga waliokwisha kupandwa, ambao hujificha peke yao hadi joto lirudi, ilhali nyuki wa asali huvuka baridi wakiwa kundi zima, wakiwa macho, na wakijipasha moto wenyewe. Halijoto ya nje inaposhuka kufikia nyuzi 14 hivi, nyuki huanza kujisongamanisha juu ya masega kwa umbo la mpira, ambalo katika makala haya litaitwa bonge. Nyuki wa tabaka la nje hubanana wakielekeza vichwa ndani, wakawa kama blanketi, na wale wa ndani hutetemesha misuli ya mabawa bila kuyapiga mabawa yenyewe, kazi inayozalisha joto jingi. Nyuki mmoja aliyepoa chini ya nyuzi 10 hivi hufa ganzi, hawezi kutembea wala kurudi kwa wenzake, kwa hiyo uhai wa kila mmoja hutegemea wingi wa wote. Bonge halipashi moto mzinga mzima bali hujipasha lenyewe, na kuni za moto huo ni asali.

Desturi hii ya kukaa na kungoja si ya nyuki wote wa asali. Nyuki wa nyanda za Afrika Mashariki, wa jamii ndogo ya scutellata, hawakabiliwi na baridi ya miezi mitano, na maua yanapokwisha au mzinga unaposumbuliwa, kundi huweza kuhama lote na kwenda kutafuta malisho kwingine, jambo ambalo wafugaji wa mizinga ya magogo huko Tabora wanalijua vyema. Mwaka 1956 malkia wa Kiafrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, walipelekwa Brazil kwa ajili ya utafiti, na baada ya baadhi ya makundi kutoroka, uzao wao ulienea Amerika ya Kusini na ya Kati hadi ukafika Texas mwaka 1990. Hata hivyo, haujaweza kustawi katika majimbo yenye baridi ndefu. Anayehama hahitaji ghala kubwa, lakini asiyeweza kuhama huishi kwa akiba, na akiba hiyo inahusu pia miili ya nyuki wenyewe.

Kibarua, yaani nyuki jike asiyetaga anayefanya kazi za mzinga, huishi majuma matano au sita tu katika majira ya joto, ilhali kibarua anayezaliwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba huweza kuishi miezi mitano au sita na zaidi. Tofauti hiyo hutokana na tishu ya mafuta iliyo tumboni mwake, ambamo huhifadhiwa chakula na protini iitwayo vitelojenini, inayosaidia kinga ya mwili na kurefusha maisha. Nyuki huyo ndiye atakayelinda joto la bonge hadi Februari, kisha awalishe majana, yaani watoto wa nyuki walio bado kwenye vijumba vya sega, mpaka kizazi kipya kitokeze. Kundi likikosa nyuki wa namna hiyo, au likiwa nao lakini ni wagonjwa, hakuna kinga ya ubao wala blanketi itakayoliokoa.

Adui mkuu wa nyuki hao ni utitiri wa varoa, Varroa destructor, mdudu mwekundu wa kahawia mwenye upana wa milimita moja na nusu hivi, ambaye asili yake ni kwa nyuki wa Asia wa jamii ya Apis cerana na ambaye aligunduliwa Marekani mwaka 1987. Jike la utitiri huingia kwenye kijumba chenye jana muda mfupi kabla hakijafunikwa kwa nta, hutaga humo, na watoto wake hutoka pamoja na nyuki mchanga anapozaliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba utitiri hula hasa tishu ya mafuta ya nyuki mzima, yaani ile ile akiba ambayo nyuki wa baridi huitegemea, na tena husambaza virusi, vikiwemo vile vya ulemavu wa mabawa. Hesabu yake ndiyo inayoifanya Agosti kuwa mwezi wa hukumu, kwa kuwa utitiri huongezeka majira yote ya joto sambamba na majana, kisha malkia hupunguza kutaga wakati utitiri haujapungua, hivyo utitiri mwingi hugombea vijumba vichache, na vijumba hivyo ndivyo vinavyolea nyuki wa baridi. Varoa ilitambuliwa pia Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini uchunguzi uliofanywa Kenya baadaye haukuonyesha madhara makubwa ya aina hiyo kwa makundi ya huko.

Kwa sababu hiyo, mfugaji anayesubiri kuona mabawa yaliyokunjamana huwa amechelewa, na njia ya uhakika ni kuhesabu. Nyuki wapatao 300, sawa na nusu kikombe, huchukuliwa kutoka kwenye fremu, yaani viunzi vinavyobeba masega, zenye majana baada ya kuhakikisha kwamba malkia hayumo, huoshwa kwa spiriti, na utitiri unaodondoka huhesabiwa. Ukizidi wawili au watatu kwa kila nyuki 100, matibabu hayana budi kufanyika. Uchaguzi wa dawa hufuata majira, kwani thimoli huhitaji joto ili ivukize, asidi ya fomiki hupenya vifuniko vya nta lakini huweza kuwadhuru nyuki wakati wa joto kali, na asidi ya oksaliki haipenyi vifuniko, hivyo hufaa zaidi malkia anapokuwa ameacha kutaga. Wajibu huu hauishii kwenye ua wa mtu mmoja, kwa maana kundi linalodhoofika huibiwa asali na nyuki wa jirani, nao hurudi kwao wakiwa wamebeba utitiri.

Baada ya afya hufuata chakula. Katika majimbo ya kaskazini kundi huhitaji kati ya kilo 27 na 40 za asali kuvuka baridi, na fremu kubwa iliyojaa pande zote mbili hubeba takriban kilo mbili na nusu hadi tatu, hivyo mfugaji huweza kukadiria akiba kwa kuhesabu fremu au kwa kuinua kidogo upande wa nyuma wa mzinga ili aupime uzito. Akiba ikipungua, hutolewa maji mazito ya sukari, vipimo viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, mapema katika majira ya majani kupukutika, ili nyuki wapate muda wa kuyakausha na kuyafunika kwa nta. Baridi ikishaingia, maji hayo huongeza unyevu, na badala yake huwekwa sukari kavu au iliyogandishwa, juu kabisa ya bonge. Mahali pa chakula ni muhimu kama wingi wake, kwa sababu bonge hupanda polepole likifuata asali iliyo juu yake, lakini katika baridi kali halithubutu kusogea pembeni, na kundi huweza kufa njaa ilhali fremu ya asali iko sentimita chache tu kando yake.

Unyevu ni hatari ambayo mfugaji mgeni huisahau. Kila kilo ya asali inayoliwa hutoa zaidi ya nusu kilo ya maji, ambayo hupanda yakiwa mvuke, hukutana na mfuniko baridi, na kuwadondokea nyuki. Nyuki waliolowa hupoteza joto upesi mno. Ndiyo maana kinga dhidi ya baridi huwekwa kwanza juu ya mzinga, ili mfuniko usipoe, na mara nyingi huachwa tundu dogo la hewa upande wa juu. Mizinga ya masanduku yenye fremu, iliyotokana na uvumbuzi aliosajili Lorenzo Langstroth mwaka 1852, ina mbao za unene wa sentimita mbili hivi, ilhali mapango ya miti ambamo nyuki wa mwituni huishi huzungukwa na kuta nene zaidi. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyewachunguza nyuki hao karibu na Ithaca, New York, alionyesha hata hivyo kwamba katika makundi mapya ya mwituni chini ya moja kwa kila manne lilivuka baridi ya kwanza. Kuta nzuri hazimwokoi aliyeanza na nyuki wachache na akiba ndogo, na kwa sababu hiyo wataalamu hushauri makundi madogo yasiyo na ugonjwa yaunganishwe kabla ya baridi.

Theluji ikishatanda, kazi ya mfugaji ni ndogo: kuzuia panya kwa kupunguza mlango, kuhakikisha mlango huo haujazibwa, na kuacha kuufungua mzinga, maana kila ufunguzi huvunja gundi ya nyuki iliyoziba nyufa. Hatari ya njaa hukua mwishoni, kwani malkia huanza tena kutaga Januari au Februari, bonge hulazimika kulea majana katika nyuzi 34 au 35, na asali iliyodumu miezi huweza kuisha kwa majuma machache ya Machi.

Kundi likifa licha ya hayo yote, mzinga wake unastahili kusomwa kabla ya kusafishwa. Nyuki waliokufa vichwa vikiwa ndani ya vijumba vitupu huonyesha njaa, mizoga iliyolowa na kuota ukungu huashiria unyevu, na michirizi ya kinyesi masegani ni dalili ya kuharisha. Asali nyingi iliyobaki pamoja na nyuki wachache na chembe nyeupe za kinyesi cha utitiri kwenye dari za vijumba ni ushahidi wa varoa, nao ndio ushahidi ambao wafugaji wa uani huusoma vibaya zaidi, kwa kuwa mzinga uliojaa asali hufanya kifo kionekane kama kazi ya baridi. Anayeusoma kwa makini huenda Agosti inayofuata akiwa na kikombe cha kuhesabia mkononi, kabla hajachukua hata sega moja la asali.