Kauli ya Kutendwa: Msemaji wa Kiswahili wa Swima Mbele ya Kiingereza

Swima ni kijiji kilichoko kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, kwenye njia itokayo Uvira kwenda Baraka. Mtoto azaliwaye huko aghalabu huanza na Kibembe nyumbani, hupata Kiswahili sokoni na kanisani, hukutana na Kifaransa darasani, na Kiingereza humfikia mwisho, kikiwa somo la shule ya sekondari. Hata hivyo tangu mwaka 1996 watu wengi wa Fizi wamevuka ziwa kwenda Kigoma, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, na baadhi yao wakahamishiwa Marekani na kwingineko. Kwa hao, lugha iliyokuja mwisho ndiyo iliyogeuka kuwa lugha ya ofisi, ya hospitali na ya mahojiano. Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja tu ya sarufi inayowatatiza, nayo ni kauli ya kutendwa pamoja na miundo inayokaribiana nayo.

Kwa upande wa umbo tofauti ni wazi. Kiswahili huitia kauli hii ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi -w-: piga hutoa pigwa, nunua hutoa nunuliwa, jibu hutoa jibiwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo; hutumia kitenzi kisaidizi chenye maana ya "kuwa" na kukifuatisha na umbo la kitenzi kikuu lenye maana ya jambo lililokwisha tendwa. "Daraja linajengwa" huwa "the bridge is being built", maneno matatu baada ya kiima mahali petu pa neno moja. Mwanafunzi husema "the bridge is building", na mwalimu humkosoa. Ni haki akosolewe, lakini inafaa kujua kwamba Waingereza wenyewe walisema hivyo hasa mpaka karne ya 18, na umbo hili refu lilipoanza kuenea wapo waliolipinga hata katika karne ya 19 wakiliona la ovyo.

Sasa, walimu wengi wa Fizi hufundisha Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya vitabu vyao. Katika jambo hili njia hiyo ni ya mzunguko. Chukua sentensi "Nilipewa barua". Kiingereza husema "I was given a letter". Aliyepokea ndiye kiima, sawasawa na kwetu. Kifaransa hakiruhusu muundo huo, bali hutafuta njia nyingine: "on m'a donné une lettre". Kadhalika "niliambiwa" ni "I was told", na "niliulizwa" ni "I was asked", ambapo Mfaransa hurudi tena kwenye "on". Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili ana muundo huu mkononi tayari, ila anauacha mlangoni akaenda kuutafuta kwa jirani asiyekuwa nao. Hata "nilizaliwa" ni hivyo hivyo. Kiingereza kina "I was born", kauli ya kutendwa kama yetu, katika wakati uliopita kama wetu. Kosa la "I am born", ambalo husikika sana, halikutoka katika Kiswahili. Limetoka katika "je suis né".

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake, kwa sababu kauli yetu ya kutendwa huenda mbali kuliko ya Kiingereza. Kwetu mtu yeyote aguswaye na tendo aweza kufanywa kiima, hata kama tendo halikumshukia yeye mwenyewe. Mtu husema "Nimeibiwa", na anayemsikia anaelewa kuwa kilichochukuliwa ni mali yake. Akiipeleka sentensi hiyo kwa Kiingereza neno kwa neno, "I was stolen", amesema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechukuliwa kama mbuzi. Kiingereza kina kitenzi kingine kwa mtu aliyeibiwa, "I was robbed", au muundo wa "I had my money stolen", ambao kwa sura unafanana na agizo la kuibiwa fedha, ingawa maana yake ni kwamba msiba huo umempata. "Nimefiwa na baba" haina mfano wake wa moja kwa moja. Mwingereza husema tu kwamba baba amekufa, na mwenye msiba anatoweka katika sentensi. "Tulinyeshewa" kwa bahati inapita: "we were rained on", kihusishi kikibaki kikining'inia mwishoni. Vivyo hivyo kitanda kilicholaliwa: "this bed has been slept in". Kwa hiyo Kiingereza nacho hufanya hivi, ila hakifanyi kila mahali, na hakuna kanuni fupi ya kumpa mwanafunzi. Hana budi kuzoea.

Tukija kwenye kauli ya kutendeka, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza kimeugawa katika mafungu. "Kikombe kimevunjika" hakina mtendaji, wala hakikubali aongezwe. Hatusemi "kimevunjika na mtoto". Kiingereza hutumia kitenzi kile kile bila kukinyambua, "the cup broke", na mtoto wa huko hujificha nyuma yake kama wa kwetu ajifichavyo nyuma ya -ik-. Pale -ik- inapokuwa na maana ya uwezekano, kama katika "barabara haipitiki", maneno ambayo msafiri wa Baraka huyajua vizuri wakati wa mvua, Kiingereza hutumia sifa, "impassable". Na "ndagala hawa wanauzika upesi" huwa "these fish sell quickly", kitenzi kikiwa na sura ya kutenda ingawa samaki hawauzi chochote. Mwanafunzi huhofia sentensi hiyo, akaongeza kisaidizi kisichohitajika. Asihofu.

Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza na Wamarekani huweka pia "get" mahali pa "be": "he got arrested". Tofauti ni ndogo lakini ipo. "The door was closed" yaweza kumaanisha "mlango ulifungwa" au "mlango ulikuwa umefungwa". Kiingereza hakiamui, Kiswahili huamua. "Get" huondoa utata huo kwa kuonyesha tukio, na aghalabu tukio lenye kheri au shari kwa mhusika. Neno hilo hilo ndilo hutumika katika ndoa: "they got married". Hapa tofauti yetu ya kuoa na kuolewa, ambayo hutaja nani kamchukua nani, inapotea kabisa. Bibi aliyeulizwa na karani kama yu "married" hakuulizwa kama ameoa au ameolewa. Ameulizwa hali yake tu.

Yote haya ni makosa ya kuchekwa na kusahauliwa. Yako mawili yasiyo ya kuchekwa.

La kwanza ni kiunganishi "na". Katika kauli ya kutendwa "na" humtaja mtendaji: "aliuawa na askari". Lakini "na" hiyo hiyo hutaja mwenzi. Isitoshe, Kiswahili kina desturi ya kumhesabu mwenzi ndani ya kiambishi cha kiima: "tulikwenda na kaka" yaweza kuwa watu wawili tu, mimi na yeye. Sasa mtu anasimulia habari za baba yake, kisha anasema, "Waliuawa na mdogo wake". Anakusudia kwamba baba na mdogo wake wote wawili waliuawa. Mkalimani aliyejifunza kwamba "na" baada ya kitenzi cha kutendwa ni "by" huandika kwamba waliuawa na huyo mdogo mtu. Marehemu amekuwa muuaji, na karatasi imepigwa muhuri. Katika Kiswahili dawa ni rahisi: "baba na mdogo wake waliuawa", au "waliuawa pamoja". Katika Kiingereza "by" na "with" hazichanganyikani hivi, na ndiyo maana mkalimani hulazimika kuchagua. Kabla ya kuchagua inampasa aulize.

La pili ni kiambishi wa-. Msemaji wa Kiswahili, na hasa wa Kongo Mashariki, mara nyingi haitumii -w- kabisa pale asipomjua mtendaji. Badala ya "alipigwa" husema "walimpiga", au "balimupiga" kama isikikavyo katika mazungumzo. Wa- hiyo haina mtu inayemrejelea. Ni kauli ya kutendwa kwa maana, ingawa kwa umbo ni kauli ya kutenda. Jambo hili si geni katika lugha za Kibantu. Katika Kimbundu cha Angola muundo wa namna hii umekua ukawa ndio kauli ya kutendwa yenyewe, hata mtendaji mmoja huweza kutajwa nyuma yake. Kiingereza nacho kina "they" isiyo na mwenyewe, kama katika "they have closed the road", lakini katika ushahidi haisikiki hivyo. "They killed him", asema mkalimani. Mhojaji anauliza mara moja: hao ni akina nani? Shahidi anajibu kwamba hajui. Basi kalamu inaandika kwamba alisema waliomuua anawajua, kisha akakana. Mtu huyo hakukana neno. Alisema "aliuawa", kwa njia ambayo lugha yake imempa, na tafsiri sahihi ilikuwa "he was killed".

Kinyume chake pia ni hatari. Yuko shahidi asemaye "walimuua" akiwa amekwisha kuwataja watu hao sentensi tatu nyuma. Kumfasiria kwa kauli ya kutendwa ni kumfutia wahusika. Mauaji ya Makobola, katika eneo hili hili la Fizi, mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, yaliwaondoa raia kwa mamia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 kuhusu ukiukaji wa haki nchini Kongo haikuishia kwenye "waliuawa", ilitaja majeshi. Hakuna kiambishi kitakachomwambia mkalimani ni wa- ipi aliyo nayo mbele yake. Huijua kwa kurudi nyuma katika masimulizi na kutafuta kama kuna kundi lililokwisha tajwa. Likiwapo, ni "they". Lisipokuwapo, ni kauli ya kutendwa. Akibaki na shaka, humrudia msimulizi kwa swali la Kiswahili lisilo na mtego: "Je, hao uliowataja, au hujui ni nani?"