Mgeni wa Siku ya Tatu

Mto Tana unaomwaga maji yake baharini pale Kipini ndio huo huo upitao Garissa. Ukijaa, sisi wa pwani twapata habari, na wenzetu wa Garissa hulala nje.

Ilikuwa hivyo Novemba 2023, ikawa tena Aprili na Mei 2024. Mvua zilinyesha bara, mabwawa ya juu ya mto, likiwemo la Masinga, yakafurika, na Tana ukavuka kingo zake. Barabara ya kuingia Garissa ilikatika Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Waliokaa mabondeni, kama Ziwani na Bakuyu, wakabeba walichoweza na kukimbilia penye muinuko, katika shule na mahema. Wakapewa blanketi, sufuria na unga. Jambo hilo ni jema, na aliyelitenda ana thawabu zake.

Lakini hebu tuulize, ndugu msomaji: maji yakishuka, na shule zikiwataka watoto wake, yule mtu mzima aende wapi?

Mfugaji wa Kisomali kwa asili hakosi nyumba. Nyumba yake ni aqal: fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Wajengao ni wanawake, na siku ya kuhama huifungua ikapakiwa juu ya ngamia. Ngamia akifa, nyumba haina miguu tena. Na ngamia wamekufa, na ng'ombe na mbuzi pia. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na katika nchi kame za Kenya ilipotea mifugo zaidi ya milioni 2. Wengi wa waliofilisika hivyo huja kukaa pembezoni mwa mji, katika mitaa iitwayo bula, na aghalabu fukara hupata kiwanja pale ambapo mwenye nacho hapataki. Ndipo mafuriko huwakuta watu ambao ukame umekwisha kuwavua nguo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huisema kwa kumfukuzia mgeni. Waama, jembe si tusi. Jembe ni heshima, ni kumwambia mtu kwamba yeye si wa kulishwa milele. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walifikia papo hapo walipoeleza zaka: fukara mwenye kazi yake, wakasema, apewe cha kununulia vyombo vya kazi hiyo.

Hema basi ni la siku mbili. Siku ya tatu, mfugaji jembe lake ni mbuzi wachache wa kuanzia, na mama muuza maziwa ni mtaji wa kurudi sokoni. Na wote wapate kiwanja kisichofikiwa na mto.

Tukichanga tena kwa ajili ya Garissa, tuchange blanketi. Kisha tuulize nani anachanga jembe.