Je, Wajua? Udongo mweupe wa Kariandusi una undugu na dinamiti

Kati ya Gilgil na Nakuru, karibu na Ziwa Elmenteita, ndipo palipo Kariandusi, ambako huchimbwa diatomaiti: udongo mweupe pe, mwepesi, uliotokana na magamba ya mwani mdogo sana wa ziwa la kale.

Mwaka 1867, Alfred Nobel alipata hataza ya dinamiti. Nitrogliserini ni kimiminika kinachoweza kulipuka kikitikiswa tu. Nobel aliunywesha udongo wa aina hii nitrogliserini, takriban sehemu tatu za nitrogliserini kwa moja ya udongo, ikawa dinamiti, salama zaidi kubeba.

Usichanganye dinamiti na baruti ya risasi. Hiyo huungua, gesi yake ikasukuma risasi. Dinamiti hupasuka papo hapo na ingerarua bastola.

Leo diatomaiti huchuja bia na kuua wadudu wa nafaka.