Fahamu: Mgrivea, ‘mwaloni’ wa mashamba ya Kyerwa

Biashara ya kaboni imeurudisha mti huu kwenye mazungumzo ya wakulima. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora umewaunganisha wakulima wa Karagwe na Kyerwa na soko la kaboni kwa kupanda miti mashambani, na mgrivea ni miongoni mwa miti inayopendwa.

Je, ni mwaloni kweli?
Hapana, ingawa huitwa hivyo. Mialoni halisi ya milima ya tropiki huota Amerika ya Kati, Kolombia na Asia ya Kusini-Mashariki. Afrika kusini mwa Sahara haina mwaloni wa asili. Mgrivea asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha chai na kahawa.

Utautambuaje?
Majani yamechanika kama unyoya, upande wa chini yana rangi ya fedha. Maua ya rangi ya chungwa huvuta nyuki.

Una faida gani Nkwenda, wilayani Kyerwa?
Unakua haraka, unatoa mbao na kuni, na majani yake hutandazwa migombani.

Panda mipakani, pogoa matawi kila mwaka, na uchanganye na miti ya asili kama mvule. Shamba lenye mti wa aina moja haliwezi kuchukua nafasi ya msitu.