Gari-nyumba ya wazee wa Ulaya, na pansioni yetu

Ndugu wachimbaji na jamaa zenu, kule Ulaya wazee wengi waliomaliza kazi wanakimbia baridi kila mwaka, kuanzia Novemba. Wanapanda gari-nyumba, yenye kitanda, jiko na maji ndani. Wengine wanatoka Ubelgiji ao Ujerumani, wanapita Ufaransa, wanashuka pembeni ya bahari ya Uhispania mpaka Almería, kisha Algarve, kusini ya Ureno. Mwezi wa tatu wanarudia.

Safari ile ni hesabu. Kwa permi B ya kawaida, gari haipite kilo 3500, pamoja na watu, maji na mizigo. Gazi ni propane, sababu butane inakataa kutoka mu chupa baridi ikifika zero. Tena hawapendi kulala Granada ao Madrid: kule ni juu, usiku maji inaganda.

Lakini hesabu ya kwanza njo pansioni. Ile ilianza kuwekwa siku walipoanza kazi.

Sisi jua tuko nalo mwaka muzima. Tunachotaka ni uzee wenye kupumzika, hata mu shamba yetu. Basi tuulize leo, nguvu ikingali: makato yetu ya CNSS inafika? Imeandikwa? Muzee anakula kile kijana aliweka.